Meza ya Kukatia Inamsubiri Mtu Wetu

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa kiwanda chetu cha sare. Msimamizi wetu wa zamu. Wafanyakazi wenzetu wote:

KARIBU
Karibu sana chumba cha kushonea. Leo tumezima mashine zote kwa heshima yako, na huu ukimya unatuumiza masikio. Tuna furaha, tena tuna jambo. Mkataji wetu anastaafu Ijumaa, nawe umesema kama hakuna mwombaji humu ndani, utatafuta mkataji nje. Mpaka asubuhi hii hakuna aliyeomba. Tusikilize kwanza.

TULIKOTOKA
Humu kila mtu alikuwa na kipande chake. Wa mifuko ni mifuko, wa vifungo ni vifungo, mpaka kustaafu. Mwenzetu mmoja ameshona kola tangu akiwa msichana, hata mumewe humwita Mama Kola. Mwaka jana msimamizi akatuamuru tubadilishane viti. Jamani! Fundi Vifungo alipewa mifuko, akaiziba yote kwa vifungo, hata leso haipiti. Mama Kola alipewa suruali, na suruali ikatoka na kola kiunoni. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Yeye alilia, akaomba kurudishwa kwenye kiti chake.

Msimamizi akamwambia, "Mama, kaa hapo hapo. Kesho utaharibu kidogo kuliko leo."

MAFANIKIO
Na kweli aliharibu kidogo. Sasa tumerudi kwenye viti vyetu, lakini kila mmoja wetu anaweza kushona shati zima na kulivaa mbele za watu bila aibu. Mtu akiumwa, kazi hailali.

Na hilo koti tulilokuvisha mlangoni, Mkurugenzi, usilivue kwanza. Hukutupa vipimo. Kuna mtu alikutazama ulipopita siku ile, akalikata kwa kukadiria tu, wenzake tukiwa tunakula. La kwanza lilitoka na mkono mmoja mrefu. Ndilo tunalofutia mashine. Hilo ni la pili, na limekukaa vizuri mabegani.

CHANGAMOTO
Ni moja tu. Mtu huyo haogopi mkasi, anaogopa kutoka pale alipozoea kukaa. Tukimwambia aombe kazi anasema, "Mimi? Na kola nimwachie nani?" Tumembembeleza, tumemnunia, wapi!

Basi leo tumefanya hila. Aliyepangiwa kusoma risala hii ni Fundi Vifungo. Hana mafua hata chembe. Tulimtuma akohoe, ili karatasi iende kwa huyu anayekusomea sasa.

Ndiyo, Mama Kola, ni wewe. Usiruke mstari, nakala tunayo. Soma kwa sauti, dada.

MAOMBI
Mkurugenzi, mpe meza ya kukatia. Akikosea tutashona upya bila kunung'unika, maana sisi tulipokosea ni yeye aliyekaa kutufumulia. Ombi la pili hatuna.

Nawe dada, tunakupenda, lakini kola tumeshagawana. Ukimaliza kusoma huna kiti cha kurudia. Inua uso, umwambie Mkurugenzi kwa mdomo wako mwenyewe kwamba kazi unaitaka. Hapa tunanyamaza, tunakusubiri.

Maneno yafuatayo tuliyaandika jana, tukiamini umeshasema ndiyo.

Mungu akujalie afya, Mgeni rasmi, na kila mlango wako uwe wa heri. Ni sisi, washonaji wa chumba cha kushonea.

Imesomwa kwa niaba yetu na Mkataji.