Lusekelo Mwasomola na Gari la Bibi Harusi

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Mzee Lusekelo Mwasomola anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya Uyole kwa miaka thelathini na minne. Nimeombwa niandike wasifu wake wa kusomwa kwa sauti katika programu ya sherehe, mistari michache tu, ya kuchangamsha. Mimi ni Severina Kalinga wa stoo ya vipuri, na wanaonijua wanajua kwamba kuchangamsha si kipaji changu. Nitajitahidi.

Aliajiriwa mwaka 1991 akiwa kijana kutoka Tukuyu, mwembamba, mbishi, mwenye kofia ya sufu ambayo naambiwa ndiyo hiyohiyo aliyovaa leo. Alianza kwa kupiga msasa mabodi ya malori, akapanda hadi kuwa mkuu wa kitengo cha rangi. Lakini kilichompa jina kuanzia Tunduma hadi Iringa si kupaka rangi, ni kuitoa. Barabara kuu ikichorwa mistari upya, madereva wetu subira hawana. Mtu anaona lori la mbao linajikongoja mbele yake, anatanua, anakanyaga mstari mbichi, na rangi inaruka mpaka kwenye milango. Akifika Uyole anashuka ameshika kichwa, anamuulizia Lusekelo.

Lusekelo hakwangui, hatumii petroli, na thina ya kuchanganyia rangi haitaki hata kuisikia. Kwanza anaosha gari kwa maji na sabuni ili mchanga usije ukakwaruza. Kisha anachukua mafuta ya mgando, haya ya kawaida ya kwenye kopo, anayapaka manene juu ya kila tone na kuyaacha mpaka asubuhi. Kukicha ile rangi ya barabarani imelegea, naye anaitoa kwa kitambaa laini alichozungushia kidole, huku akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ambayo kwaya yenyewe inamvumilia tu. Akimaliza anavaa mfuko wa mkate mkononi na kuupitisha taratibu mlangoni, maana anasema kupitia ule mfuko vidole vinahisi chembe ambazo macho hayazioni. Mara ya kwanza kumwona nilidhani baba huyu anaogopa kuchafuka.

Utomvu wa misonobari ya Mufindi, lami, gundi ya stika za kampeni, kila kimoja alikuwa na namna yake ya kukibembeleza. Wateja hakuwabembeleza. Ukimharakisha anakurudishia funguo zako bila neno. Aliwahi kumrudishia padri.

Hapo ningeweza kuishia, tukapiga makofi, tukala pilau, kila mtu akaenda kwake. Haiwezekani.

Mwaka 2018, siku ya Ijumaa, dereva Jailos alileta gari jipya la mkurugenzi kutoka Iringa, la bluu iliyokoza. Pale Nyololo alikuwa amelikanyagisha kwenye mstari mweupe mbichi, na milango miwili ya kushoto ilikuwa madoadoa matupu. Kesho yake mchana gari hilo lilitakiwa kumbeba bibi harusi, mpwa wa mkurugenzi. Lusekelo akaosha, akapaka mafuta yake, akasema lisiguswe mpaka asubuhi, muda upo wa kutosha, kisha akaenda zake mazoezi ya kwaya. Bwana Amos, aliyekuwa msimamizi wa zamu, alikuwa ameshampigia mkurugenzi simu kumwahidi kwamba jioni ileile gari litakuwa tayari. Kwa hiyo akayafuta mafuta, akachukua thina na kitambaa, akaanza kusugua. Madoa yalitoka kweli. Na mng'ao wa gari ukatoka nayo, milango ikabaki imefubaa kama sufuria ya jikoni. Paskalina wa kitengo cha rangi alikuwa amesimama pale, na Jailos pia. Mimi wakati huo nilikuwa tawi la Iringa, lakini nimewauliza wote wawili kila mmoja kwa wakati wake, na hadithi ni moja.

Bibi harusi alipanda gari la kukodi. Jumatatu kikaitwa kikao, na Amos akasema mafuta ya Lusekelo ndiyo yameunguza rangi. Jamani! Mafuta yaleyale tunayowapaka watoto mashavuni baridi ya Juni ikituingia, ndiyo yameunguza gari! Na kikao kizima cha watu wazima wenye kazi zao kikakubali. Jailos alitazama chini. Paskalina alikuwa bado kwenye majaribio ya ajira, simlaumu, ingawa yeye anajilaumu mpaka leo. Lusekelo akaambiwa aombe radhi, yaishe. Akajibu kwamba msamaha huwa anaomba kwa Mungu, na kwa Amos hana la kuomba. Ndivyo alivyo, kichwa kigumu. Wakamvua ukuu wa kitengo, wakampa bomba la maji na buti, akaoshe magari.

Ameosha kwa miaka saba. Bwana Masanja wa Rujewa, mfugaji ambaye pikapu yake haikosi lami na matope, aliwahi kuja kumuulizia fundi Lusekelo, akajibiwa mapokezi kwamba fundi wa jina hilo hakuna, yupo muosha magari. Masanja akaenda kuegesha palepale penye maji, akamsubiri. Na kinachoniuma kuliko vyote ni hiki: kila gari la maana lilipokuja na rangi ya barabarani, Amos huyohuyo alituma mtu kwenye bomba kumwita. Naye alikuja, buti zikichuruzika maji, akapaka mafuta yaleyale yaliyosemwa kwamba yanaunguza, akatoa madoa, akarudi kuosha. Aliyemshukuru mbele ya watu hakuwepo.

Yeye mwenyewe hakutaka tena cheo. Alichotaka alimwambia Paskalina mwaka huu tulipoanza kupanga sherehe. Mkewe, Mama Bertha, alizipata habari za lile gari kanisani, kwenye kikundi cha akina mama, kwamba mumewe amemharibia bosi gari la harusi. Alimwamini mumewe, lakini minong'ono haikwisha. Mzee alitamani siku moja tu jambo hili lisemwe kwa sauti, mkewe akiwepo.

Juzi Bwana Amos, ambaye sasa ndiye meneja wetu, alikuja stoo kunishauri niandike kwamba mwaka 2018 mstaafu alipitia changamoto. Changamoto! Pancha ni changamoto. Nimemwitikia kwa heshima, kisha nikaandika haya mnayoyasikia, na Paskalina amekubali jina lake litajwe. Kama Jumatatu nitahamishiwa kwenye bomba, buti ninazo.

Mzee Lusekelo, ndaga fijo, asante sana kwa kazi yako yote. Uende salama Tukuyu, upumzishe mgongo, migomba ikuzalie, na wanakwaya wa huko Mungu awape moyo. Ukipita Uyole usitupite.

Neno la mwisho ni la Mama Bertha, aliyekaa leo mstari wa mbele. Mama, mumeo hakuliharibu lile gari. Aliyeliharibu ni Bwana Amos, huyo atakayesimama sasa hivi kumkabidhi zawadi.