Mama Rudia Anaondoka Chumba cha Sindano

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwanyima wanafunzi raha, muuguzi mkuu wa chumba cha sindano katika kliniki yetu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wanaotaka kulia wametengewa nusu saa, kabla ya soda.

Kila mwaka vyuo vilituletea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, makoti yamepigwa pasi, wakiwa na ndoto ya kuokoa maisha kabla ya chakula cha mchana. Yeye aliwakabidhi ndoo na dawa ya kusafishia sakafu. Somo lake lilikuwa neno moja, "Rudia," ndiyo maana tukamwita Mama Rudia. Kunawa mikono, rudia. Kutandika kitanda, rudia. Kumsalimia mgonjwa, toka nje, uingie tena kama mtu aliyelelewa.

Upole wake maarufu ulijitokeza mwaka alipokuja binti aliyetetemeka kila akishika sindano. Siku alipoukosa mshipa wa mgonjwa mara mbili, alijifungia stoo akilia, ameshaamua kuacha chuo. Mama Rudia hakumbembeleza. Kazi hiyo haikuwa kwenye mkataba wake. Aligonga akafunguliwa, akaketi juu ya boksi la pamba, akakunja mkono wa gauni.

"Nidunge mimi," alisema. "Sitakushtaki. Nitakufukuza tu."

Binti alidunga, akakosa. Mkono wa kushoto ulipochakaa, akapewa wa kulia.

Kesho yake ule wa kulia ulikuwa umevimba, vidole havikunjiki. Na siku hiyo hiyo bibi mmoja akaingia mbio amembeba mjukuu aliyekaushwa na kuhara, macho yamezama. Daktari wetu alikuwa, bila shaka, kwenye semina ya huduma za dharura. Fundi wetu pekee wa mishipa ya watoto hakuweza kushika hata kijiko, kwa hisani ya mwanafunzi wake.

Alimsogezea binti trei. "Haya, mwanangu. Umeniharibia mkono, sasa kuwa mkono wangu."

Binti aliupata mshipa mara moja. Dripu ikaanza kushuka. Jioni mtoto aliomba maji, na bibi yake akalia kwa mara ya kwanza tangu afike. Mama Rudia alimtazama binti, akasema, "Si mbaya." Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote alizowahi kutoa, na hakuirudia.

Binti huyo ndiye anayerithi chumba.

Asante kwa yote, dada yetu, hata yale yaliyotuuma. Maisha yako yawe mema. Ukiugua, njoo hapa hapa. Yupo anayeijua mishipa yako yote.