Maji Kwanza, Shikamoo Baadaye

Tarehe 30 Juni 2025 Bw. Octavian Mpagama, fundi sanifu wa maabara, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Ofisi imeniagiza niandike wasifu mfupi. Mwenyewe ameniomba niufupishe zaidi.

Alizaliwa Kigwa, akaajiriwa Julai 1991. Alipima damu na choo kwa miaka mingi kabla ya kuhamishiwa kitengo cha maji. Wakati mmoja akitoka Ziba na sampuli zake kwenye kasha la barafu, abiria mwenzake, akidhani ni muuza vinywaji, alimsihi amuuzie soda. Alipokataliwa, alinuna mpaka Tabora mjini.

Miaka sita ya mwisho alisimamia maji ya wagonjwa wa figo wanaosafishiwa damu nyumbani. Ni wachache, na masharti ni makali: klorini hupimwa kila mara kabla ya kuwasha mashine, bakteria kila mwezi, kemikali nyingine kila mwaka. Maji salama ya kunywa hayatoshi, kwa kuwa ndani ya mashine hutenganishwa na damu kwa utando mwembamba tu.

Nyumbani kwa Mzee Ghalibu, mfanyabiashara wa Chemchem, Octavian alionekana hana adabu. Alipita moja kwa moja kupima maji, shikamoo ikafuata baadaye. Bi. Nawal, mkamwana wa mzee na mwendeshaji wa mashine, alikereka waziwazi. Siku ambazo Octavian hakuja, Nawal alijaza fomu bila kupima, maana maji yalionekana safi.

Machi 2023, kwa hofu ya kipindupindu, mtaani iligawiwa dawa ya maji yenye klorini. Nawal aliimimina kwenye tangi, na kwa kumpenda baba mkwe wake akazidisha. Chujio la mkaa, linalonasa klorini kabla maji hayajafika kwenye mashine, likazidiwa. Bahati nzuri ilikuwa siku ya Octavian. Kipimo kilipobadilika rangi, alizuia mashine isiwashwe, Nawal akiwa tayari na sindano mkononi. Klorini ile ingepasua chembe za damu za mzee. Nawal alilia. Octavian hakumgombeza, alimkabidhi vipimo, akamwambia, "Pima wewe, mama. Mimi natazama."

Wiki iliyopita Octavian alimpigia Nawal simu kuulizia majibu ya kipimo cha siku hiyo. Nawal akamjibu kwamba bado anapima, asimharakishe. Octavian alikata simu akicheka, kisha akajifuta macho. Sisi wenzake tulijifanya hatujaona.

Mzee Ghalibu ametimiza miaka sabini na tisa. Asante, Octavian. Tunakuombea nawe uzee mrefu, kama ule uliompa yeye.