Rubiela Ossa na Mashine Iliyonyamaza Ijumaa Kuu

Wasikilizaji wapendwa wa Piedragorda na wa ng'ambo ya korongo, hamjambo asubuhi hii. Anayechoma mikate ya mahindi aivute pembeni mwa jiko, maana leo sitakimbia. Mimi ni Genoveva, yule yule mwenye domo.

Leo tunamkumbuka Rubiela Ossa. Amefariki Jumapili iliyopita, akiwa na miaka sitini na minane. Kwa miaka arobaini na sita ndiye aliyeendesha garucha yetu, lile sanduku la mbao linalovuka korongo juu ya waya. Nawarudia waliochelewa kuwasha redio: Rubiela Ossa, mwendesha garucha, hatunaye tena.

Na wote mnajua kilichosemwa juu yake. Kwamba alimuua mumewe kwa uzembe. Kwamba Ijumaa Kuu ile aliacha wenzo katikati. Hata mimi nimeyasema, hapa hapa redioni, na si mara moja. Wasikilizaji wapendwa, si kweli. Kipindi hiki hakitakwisha kabla sijasema ilivyokuwa, ili jina lake lisifukiwe na uchafu ambao si wake.

Tuanze utotoni. Baba yake alikuwa fundi wa baiskeli. Mama yake, Doña Ermelina, aliwahi kuniambia: "Wenzake wanalala na wanasesere, huyu wangu analala na friwili ya baiskeli. Anaizungusha sikioni, tik tik tik, ndipo usingizi umchukue. Nikiificha, hatulali nyumba nzima."

Friwili mnaijua. Ukipiga pedali, inashika, baiskeli inakwenda. Ukiacha, inateleza, gurudumu linaendelea lenyewe. Inashika upande mmoja, inateleza upande wa pili. Shikeni hilo, maana maisha ya Rubiela yote yamo humo.

Akiwa na miaka ishirini na miwili alikabidhiwa garucha. Siku hizo ilikuwa balaa. Sisi tuko juu, ng'ambo wako chini, waya una mita mia tatu na themanini. Injini ikizima sanduku likiwa linapanda, sanduku linarudi chini mbio. Na huko chini nako, abiria akishuka, sanduku linakuwa jepesi, na jiwe la uzani linaloning'inia upande wa pili wa kamba linalivuta juu ghafla. Don Abdón alipoteza meno manne hivyo. Alikuwa ameshusha mguu mmoja tu.

Rubiela akachukua msumeno na tupa. Miezi minne alikuwa anakereza chuma. Akatengeneza pete mbili, moja ndani ya nyingine. Pete ya nje imefungwa kwenye fremu, haiendi kokote, na kwa ndani ina meno. Pete ya ndani inazunguka pamoja na pipa linalozungushiwa kamba ya sanduku. Kwenye pete hiyo ya ndani akaweka ndimi ndogo za chuma, kila ulimi una springi inayousukuma nje. Pipa likizunguka upande mmoja, ndimi zinapanda juu ya meno na kuteleza: tik, tik, tik. Likitaka kurudi, ulimi unajikita kwenye jino. Hapo hata ng'ombe sita hawalirudishi.

Mpaka hapo ni friwili tu. Akili yake iko kwenye kinachofuata. Aliweka ndimi za aina mbili, nusu zinaelekea huku, nusu zinaelekea kule. Kati ya pete na pete akapitisha bati jembamba lenye matundu, na bati lile likashikwa na wenzo. Ukisukuma wenzo kulia, bati linazifunika ndimi za kushukia na kuziacha wazi za kupandia: sanduku linaweza kupanda tu, halirudi. Ukisukuma kushoto, kinyume chake: linaweza kushuka tu, jiwe halina nguvu ya kulirusha. Wenzo ukiwa katikati, ndimi zote zimefunikwa, pipa linazunguka huru pande zote, na hapo unategemea breki na Mungu. Narudia: kulia, kupanda. Kushoto, kushuka. Katikati, hakuna kinachoshika.

Tangu siku hiyo hakuna aliyepoteza jino. Na Rubiela hakuhitaji kuona. Alikuwa anaweka kiganja juu ya kifuniko cha mashine na kuhesabu. Milio mia nne na kumi na mbili kutoka ng'ambo hadi kwetu. Ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba huoni mkono wako, yeye alijua sanduku limefika wapi. Ukimsemesha, anakukata: "Nyamaza. Mtu yuko hewani."

Aliolewa na Nevardo, mchuma kahawa mpole aliyekuwa anaimba vibaya. Walipendana. Sina zaidi la kusema hapo, mliwaona wenyewe.

Sasa Ijumaa Kuu ile. Imepita miaka thelathini na moja.

Siku hiyo kwetu hapigwi msumari. Hapasuliwi kuni. Kengele za kanisa zimefungwa kamba. Lakini maua ya kaburi la Bwana yalikuwa bado ng'ambo, na msafara ulikuwa utoke saa tisa. Mkuu wa maandalizi alimtuma Nevardo ayafuate kwa miguu, na sanduku likiwa limelala ng'ambo, akatoa ruhusa garucha imvushe mara moja tu kurudi, kwa sharti moja: isilie. Akasema ule mlio siku ile ni misumari ya Msalaba. Akasema anasikia kama Bwana anagongomewa upya.

Niseme mapema, kabla hamjaanza kuulizana. Huyo mkuu wa maandalizi nilikuwa mimi.

Na kanisani tulikuwa tunazungusha matraka badala ya kengele. Gurudumu la mbao lenye meno, na ulimi wa mbao juu yake. Mlio ule ule. Huo haukunikera.

Saa sita na nusu mchana ukungu ulipanda kutoka korongoni na kufunika kila kitu. Mnakumbuka jinsi ya kuitana: jiwe linagongwa kwenye waya. Mara moja, vuta. Mara mbili, teremsha. Mara tatu, simamisha. Rubiela alikuwa peke yake kwenye kibanda. Waya ukalia mara moja. Akasukuma wenzo kulia, akawasha injini, sanduku likaanza kupanda.

Halikulia.

Aliweka kiganja juu ya kifuniko. Hakuna kitu. Kamba inaingia, pipa linazunguka, na ndani kimya. Miaka mingi baadaye alimweleza mdogo wake hivi: "Nilihisi nimeshika kifua cha mtu ambaye moyo haupigi, na bado anatembea."

Alikuwa ananyoosha mkono asimamishe, injini ikazima yenyewe. Ilikuwa kawaida yake kuzima. Siku zote ulimi ulikuwa unashika na Rubiela anawasha tena, abiria hata hajui. Siku ile pipa lilisita kidogo tu. Kisha likaanza kuzunguka kinyumenyume, bila sauti. Akarukia breki kwa uzito wake wote. Mbao za breki zikatoa moshi. Kamba ilikimbilia ukunguni kwa kasi, kisha mtikisiko, kisha kimya.

Akaita, "Nevardo!"

Akakaa. Hakujua kwa muda gani. Halafu waya ukagongwa. Mara moja.

Vuta.

Akawasha injini. Na safari hii mashine ikalia, tik, tik, tik, safi kabisa, kwa sababu pipa lilipokimbia vyuma vilipata moto. Akahesabu. Kwa hesabu yake sanduku lilikuwa limesimama katikati ya korongo, mita tisini juu ya maji. Huko hakuna mahali pa mtu kusimama na kugonga waya. Likatokea ukunguni na kutua mbele yake. Maua yalikuwa yamepangwa vizuri, meupe, yana umande. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndoano yake. Nevardo hakuwemo. Mto haujamrudisha mpaka leo.

Tulipofika kumi na watatu tukikimbia kutoka kanisani, tulikuta wenzo uko katikati. Rubiela akatutazama akasema, "Nilisahau." Neno moja. Nasi tukalichukua.

Wasikilizaji wapendwa, tulimla mzimamzima. Dukani wanaume walimtania, "Doña, leo wenzo uko wapi?" Naye bila kugeuka, "Uko ilipo akili yako: katikati, inazunguka bure." Alinunua chumvi yake akaenda.

Hakuacha kazi. Na hili wengi mmelishuhudia, msijifanye. Siku za ukungu, mchana kweupe, bila abiria ng'ambo, waya ulikuwa unalia mara moja. Rubiela aliwasha injini na kuvuta. Kila mara. Sanduku likifika tupu alifungua mlango, akasubiri kadiri ya mtu kushuka na kunyoosha miguu, kisha akafunga. Nilimwambia ni upepo, anachoma mafuta ya watu. Akanijibu, "Wewe Genoveva, ukigongewa mlango unauliza kwanza kama ni upepo?"

Juzi Jumanne tulipopita na jeneza mbele ya kibanda, tangi la injini lilikuwa limemwagwa, na kamba imefungwa kwa fundo. Mashine ikalia. Padre akakatiza sala. Tukasikia wote, taratibu, tik moja baada ya nyingine, mpaka jeneza lilipopinda kona ya njia ya makaburi. Sitaeleza, kwa kuwa sijui.

Usiku wa tatu wa sala za marehemu haujafika, mdogo wake alikuja nyumbani kwangu. Eudoro. Mnamjua, hajawahi kupanda garucha tangu mwaka ule, anazunguka kwa miguu mwendo wa saa nne. Nikamwomba aseme mbele ya chombo hiki. Msikilizeni.

"Mimi ndiye. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Niliambiwa isilie, nikataka isilie kweli. Nikafungua kifuniko asubuhi, nikajaza mafuta ya nguruwe yaliyochanganywa na nta ya mishumaa. Nilidhani nalainisha. Huku juu ni baridi, yakaganda kama sabuni. Ndimi zikabaki ndani ya vishimo vyake, springi hazikuweza kuzisukuma mpaka vyuma vilipopata moto yakayeyuka. Dada alikuwa ameweka wenzo kulia. Kulia, Doña Genoveva. Hakukosea. Alifungua kifuniko kabla nyinyi hamjafika, akaona alama za vidole vyangu kwenye mafuta. Akaosha yote kwa mafuta ya taa. Halafu akavuta wenzo katikati kwa mkono wake. Nilipomfuata nikilia, akanishika shingo hivi, akaniambia: 'Mama leo amepoteza mkwe. Simwondolei na mwana. Ukifungua mdomo, nitakutupa ukamfuate Nevardo.' Nikafunga mdomo. Mama akafa, bado nikafunga. Nilikuwa nimeshazoea."

Huyo ni Eudoro Ossa. Na narudia ili asiwepo wa kusema hakusikia: wenzo ulikuwa kulia. Rubiela hakusahau chochote. Alikubali jina la muuaji ili kijana wa miaka kumi na tisa asilibebe.

Tunampa pole Eudoro. Msimguse, nawaonya. Tunawapa pole ndugu wote wa Ossa, huku juu na ng'ambo. Sala za siku tisa zinaendelea nyumbani kwake kila saa kumi na moja jioni, na chokoleti ya moto ipo. Na tutafakari, wapendwa. Mtu akikubali lawama upesi kiasi kile, bila hata kujitetea, tungemtazama vizuri kidogo usoni. Hatukumtazama. Tulikuwa na haraka ya maua.

Bado neno moja, na ni langu.

Nilimuuliza Eudoro, mafuta yale uliyatoa wapi, kwenu hamkufuga nguruwe. Akainamisha kichwa. Akasema, "Ulinipa wewe, Doña. Kopo la jikoni kwako, nililoliacha kibandani. Ulisema, weka mengi."

Nilikuwa nimesahau. Naapa mbele yenu, nilikuwa nimesahau kabisa. Ninachokumbuka ni Jumamosi yake asubuhi. Rubiela, mjane wa siku moja, alikuja mlangoni kwangu akanirudishia kopo. Lilikuwa limesuguliwa mpaka linang'aa, ila lilinuka mafuta ya taa. Alijua ni la nani na lilitumika kwa nini. Alinitazama, akanipa, akaondoka.

Nami nikawaambia majirani: huyu mwanamke ameua mume, na hata kuosha chombo hajui.

Nisamehe, Rubiela.