Mitchelle Akeyo Okello, Mwanamieleka wa Kisumu Ndogo, Imola na Gatina

Mchungaji, wazee wa pande zote mbili, majirani wa Gatina, na ninyi mliotembea kwa miguu kutoka Kibera asubuhi hii, familia imeomba haya yasomwe bila kupunguzwa, kwa sababu marehemu mwenyewe aliyapitia akiwa kitandani wiki tatu kabla hajatuacha, akafuta mahali tulipoandika kwamba alikuwa mpole.

Mitchelle Akeyo Okello alizaliwa tarehe 14 Machi 1990, Kisumu Ndogo, Kibera, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Okello, fundi wa mawe aliyefariki mwaka 1997, na Mama Nereah, aliyekuwa akiuza dagaa wa omena kando ya reli, na ambaye yuko nasi hapa mbele. Alianza shule ya msingi mwaka 1996 hapo hapo Kibera, na mwalimu wake wa darasa la tatu aliandika kwenye ripoti kwamba ni mtoto mwerevu ila anapigana na wavulana, jambo ambalo mama yake alilichunguza, akagundua kwamba ni kweli, na kwamba wavulana ndio waliokuwa wakianza.

Mwaka 1999 Mama Nereah, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi ya nyumbani kwa familia moja ya Waitaliano hapa Nairobi, alisafiri nayo iliporudi kwao katika mji wa Imola, akawaacha Mitchelle na mdogo wake Billy kwa nyanya yao mtaani Gatwekera, humo humo Kibera, hadi tarehe 2 Septemba 2001 walipomfuata. Mitchelle aliingia darasani akiwa na miaka kumi na mmoja, hajui neno hata moja la Kiitaliano, wenzake wakamcheka kila alipofungua mdomo, na siku moja mwalimu wa michezo, Bi Ornella, alimkuta uwanjani amemlaza chini mvulana mmoja, amembana mabega bila kumpiga hata kofi. Bi Ornella, ambaye ujanani alikuwa mwanamieleka, hakumpeleka kwa mwalimu mkuu, alimwambia tu aje kesho na viatu laini, na hivyo ndivyo alivyoingia katika mieleka ya mtindo huru.

Alimaliza shule ya upili Juni 2009, akaajiriwa katika kiwanda cha vigae, akipakia makasha asubuhi na kufanya mazoezi jioni. Mwaka 2010 aliwashinda wasichana wote wa uzani wake, lakini hakuwa na pasipoti ya Italia, kwa hiyo wale aliowaangusha ndio waliopanda ndege kwenda kushindana kwa niaba ya taifa, naye akarudi kwenye makasha. Billy anakumbuka kwamba hakulia na wala hakukosa mazoezi hata siku moja, na alipoulizwa na mama yake kwa nini anajichosha kwa fulana ambayo hawatampa, alijibu kwamba watampa siku watakapochoka kumwona mlangoni. Uraia ulitoka tarehe 30 Novemba 2012, baada ya miaka miwili na zaidi ya kungoja, na kuanzia mwaka uliofuata alikuwa bingwa wa taifa kwa miaka minne mfululizo, akapata medali ya shaba jijini Sofia na ya fedha jijini Warsaw, akiwa na bendera ya Italia kifuani, na chini ya fulana kitambaa cha kichwa cha nyanya yake kimefungwa kiunoni.

Machi 2016, katika mashindano ya kufuzu Olimpiki, alishindwa kwenye nusu fainali kwa pointi moja, na katika pambano hilo hilo goti lake la kushoto likachanika. Wapo waliosema alipoteza bahati yake, na yeye alisisitiza isomwe hapa kwamba hakupoteza bahati, alishindwa na mwanamke aliyekuwa bora siku ile, na kwamba kushindwa namna hiyo hakumtii mtu aibu.

Alirudi Nairobi Januari 2018, akakusanya magodoro ya zamani, akayafunika kwa turubai, na kuanza kuwafundisha wasichana kumi na wawili katika ukumbi wa kanisa moja kule Kisumu Ndogo, lakini baada ya miezi mitano wakafukuzwa, ikisemekana kwamba nguo zao zinabana na kwamba msichana anayeangusha watu hataolewa. Wakahamia uwanja wa wazi Gatwekera, mvua ikinyesha wanakunja magodoro, jua likitoka wanayaanika. Turubai alilinunua katika duka la vifaa vya ujenzi la Kabiru Kiarie hapa Gatina, naye Kabiru akajitolea kulipeleka mwenyewe, akarudi wiki iliyofuata kuuliza kama linavuja, na wiki nyingine tena kuuliza hilo hilo.

Katika mazungumzo ya mahari, Mzee Gerishon Kiarie, baba yake Kabiru, alitaka ahadi kwamba bibi harusi ataacha mieleka, na Mitchelle akainuka kati ya shangazi zake akasema, "Baba, nimekuja kuolewa na Kabiru, sijaja kustaafu." Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 2019 katika kanisa hili, Mzee Gerishon hakuhudhuria, naye ametupa ruhusa ya kulisema hilo leo. Binti yao Wangeci alizaliwa tarehe 19 Mei 2021, na kabla hajafikisha miezi minne mama yake alikuwa amerudi kazini.

Mwezi wa kumi mwaka huo Mzee aligundua kwamba mjukuu wake Nyawira, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, anafanya mazoezi kwa siri, akaenda Gatwekera kumtoa. Alifika pambano likiendelea, akaketi juu ya tofali kungoja limalizike, likamalizika, likaanza lingine, akakaa hadi mwisho, na njiani kurudi nyumbani hakumgombeza Nyawira, alimuuliza tu kwa nini alikuwa anaacha mguu wa kulia nje namna ile. Januari 2022 aliondoa magunia yake ya viazi kwenye ghala la hapa Gatina na kumkabidhi mkaza mwana wake ufunguo.

Agosti 2022 Mitchelle aligusa uvimbe kwenye titi la kushoto, ikathibitishwa kuwa ni saratani, akatibiwa Imola tangu Januari hadi Septemba 2023, akarudi na kichwa kisicho na nywele, wala hakukifunika, akaendelea kufundisha. Ugonjwa ulirudi Novemba 2024, safari hii kwenye ini, na Waitaliano wenzake wakamsihi arudi huko, lakini madaktari walipomwambia wazi kwamba dawa haitaponya, aliamua kwamba muda uliobaki utatumika Gatina. Tarehe 12 Julai 2025 alikwenda Kibera kwenye mashindano ya wasichana akiwa kwenye kiti cha magurudumu, msimamizi akamwambia mgonjwa haruhusiwi kando ya mkeka, naye akamjibu kwa sauti ndogo, "Basi mnibebe mnitoe." Hakuna aliyemgusa, na wasichana wake wakaondoka na medali tatu, moja ikiwa ya Kathini, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa haongei na mtu.

Alifariki tarehe 3 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, Kabiru na Mama Nereah wakimshika mikono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Imola na wa hapa Nairobi, hasa wale waliomweleza ukweli, majirani waliopika na kufua kwa miezi kumi, wafanyakazi wenzake wa kiwanda cha vigae, na Bi Ornella, aliyesafiri akiwa na miaka sabini na miwili na ambaye ameketi kando ya Mama Nereah.

Marehemu aliagiza jeneza lake libebwe na wasichana wake, na Jumapili iliyopita baadhi ya wazee walikuja kutuambia kwamba hiyo si kazi ya wanawake. Tuliwasikiliza kwa heshima, kisha Mama Nereah akawajibu, "Hawa walimbeba chooni na kitandani akiwa hai, mlikuwa wapi?" Hilo ndilo jibu la familia, na hatuna lingine.

Nyawira, Kathini, na wenzenu wanne, njooni mshike nafasi zenu. Nawe Akeyo, pumzika kwa amani yako, ambayo hukumwomba mtu ruhusa ya kuipata.