Ubachela wa Mwanangu

Asalaam aleikum, wanachama wenzangu wa chama chetu cha kuzikana. Mwenyekiti kaniambia niseme kwa ufupi, ananijua. Shule mimi niliiacha darasa la tatu, au tuseme yenyewe ndiyo iliniacha. Kwa hiyo nikikosea chekeni tu, fundi cherehani nimezoea kuchekwa.

Ndugu zangu, mwaka huu nilikuwa chini kabisa. Mnajua kijana wangu kapata nafasi chuo kikuu kule Uganda. Kariakoo nzima ikampangia kazi: akirudi awe karani mkubwa, avae tai, akae chini ya feni. Yeye akasema anataka sayansi. Nikamwuliza sayansi inaliwa na nini. Akanijibu taratibu, "Baba, kila bonde la Jangwani linapojaa maji, homa inaingia mtaani na chama chenu kinazika watoto. Nataka nijue namna ya kukikosesha kazi."

Nikampa mkono, nikamwambia nenda.

Basi nikaenda kwa baba wa mchumba wake kumpa habari. Mzee huyo ni mpishi kwa Mzungu kule Uzunguni, na Kiingereza chake cha jikoni kinanizidi. Nikajitutumua: kijana anaenda kuchukua Bachela wa Sayansi. Mwenzangu akaweka kikombe chini. Akasema bwana wake ni bachela, bachela anamjua vizuri: hana mke, hataki mke, anakula mezani na mbwa.

"Sasa binti yangu aolewe na bachela? Tena wa kusomea?"

Na mimi kwa elimu yangu nikaona ana hoja.

Uchumba ukavunjika. Mama watoto akaacha kusema nami. Nikamsihi kijana achague kitu kingine, hata ualimu. Akasema sayansi haachi, na binti wa watu hamwachi. Chakula ndicho alichoacha. Mimi huku barazani nikamshonea mteja suruali, mguu mmoja wa suruali, wa pili wa kaptula. Wapita njia wananiuliza, "Bachela hajambo?" Nikawa napita vichochoroni kama mwizi wa kuku.

Ndipo mlipoinuka ninyi. Wazee watatu wa chama hiki walivaa kanzu wakanisindikiza mpaka kwa mpishi, na mwalimu wa shule ya mtaani kwetu pamoja nao. Mwalimu akaeleza kwamba hilo ni jina tu la shahada ya kwanza. Hata mwenye wake wanne anaweza kuwa nayo. Mpishi akatikisa kichwa, hakubali kwamba Wazungu wanaweza kulitumia neno moja kwa mambo mawili. Tukakwama. Chai ikapoa.

Shangazi wa binti akatoka ndani, akakaa mkekani. "Binti mwenyewe kanituma," akasema. "Anasema kama ubachela wenyewe ni wa karatasi, yeye hana wivu na karatasi. Atamngoja."

Mpishi akatazama dari. Halafu mabega yakaanza kumcheza, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Mambo yakaisha hapo hapo, uchumba ukarudi.

Juzi tumemsindikiza kijana stesheni, apande treni ya Mwanza, kisha avuke ziwa. Mkwe wangu mpishi kamletea keki ya Kizungu kaioka mwenyewe, akamwambia, "Nenda, mwanangu. Ila ukifika, waulize kama hawana jina jingine."

Wazee wangu, na wewe mwalimu, ahsanteni. Mngeweza kunicheka kama wengine, na sababu mlikuwa nayo. Na wewe binti, huko nyuma kwa akina mama, usijifunike kanga, nimeshakuona. Wanaume wazima tulishindwa na neno moja, wewe ukalimaliza bila kutoka jikoni. Mwenyezi Mungu akulipe.

Wenye watoto shuleni, mtoto akileta neno msilolijua, mwulizeni yeye aliyelileta. Mimi niliona haya kumwuliza mwanangu, nikaenda kutamba nalo kwa mtu anayelijua kwa bwana anayekula na mbwa.

Nawaomba dua tu sasa. Mniombee arudi salama, arudi bachela, tumwoze.