Nilienda Intavyu na Msemaji

Watu wa Mungu hapa Buffalo, amani kwenu. Mchungaji, asante kwa nafasi. Mimi ni mgeni, natoka Louisville, upande wa Shively. Shule niliiacha darasa la tatu, na sioni aibu kulisema, kwa sababu nyumba ninayolala nimeinunua kwa mikono hii. Lakini kuna wakati nilijiona si kitu. Hiyo ndiyo habari niliyokuja nayo.

Nilikuwa napakia makartoni kwenye depo moja kubwa. Mchana kazi, jioni masomo ya watu wazima: Kiingereza, na namna ya kusimamia watu. Ndugu zangu, mnayajua hayo masomo. Unafungua kitabu, macho yanajifunga. Na mgongo ulikuwa umeanza kunikataa. Nilitaka kazi ya kiongozi wa zamu, niache kubeba. Nafasi ikatokea, nikaitwa intavyu.

Sasa msicheke. Nilienda na msemaji.

Kwetu ukienda kuomba mke, hufungui mdomo. Unainamisha kichwa, mwingine anakusemea. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Donc, basi, nikamchukua rafiki yangu wa kanisani, tukavaa makoti, tukaingia wawili. Akaanza, "Huyu baba ni mwaminifu, ana watoto wazuri..." Shefu, mkubwa wa depo, akamsimamisha kwa upole, akanigeukia mimi. "Wewe unajua kufanya nini?"

Nikaangalia viatu vyangu. Nikasema, "Kidogo tu."

Kazi akapewa mwingine. Nawaambia ukweli, kilichoniumiza si kazi. Nilianza kuliamini lile neno nililosema. Nikaacha masomo. Mwalimu anapiga simu, sipokei. Mke wangu akiniuliza, namjibu, "Mzee kama mimi anasomea nini?"

Bon, sawa. Familia moja ya kanisani ikaniomba niende nao Columbus, nikamsemee kijana wao kwa wakwe. Hiyo kazi naijua. Nikaongea mpaka wakwe wakalegea, tukapatana mahari. Wakati wa kula, shangazi wa binti, mama mwenye mdomo, akaja kukaa karibu nami.

"Papa, ulivyomsifu huyo kijana, hata mama yake hakumtambua. Na wewe unafanya kazi gani?"

"Napakia makartoni."

"Na huo mdomo wote?"

Nikamweleza habari ya msemaji wangu. Alicheka mpaka akaweka sahani chini.

"Papa yangu, wakwe wanataka kuona kama una watu nyuma yako. Mzungu wa kazi anataka kuona kama wewe mwenyewe upo. Na wewe ulijificha."

Kurudi nyumbani, wenzangu wanaimba kwenye gari, mimi nawaza. Nimemsifu kijana asiyejua hata kukunja blanketi lake, na nafsi yangu sijawahi kuitetea kwa neno moja.

Jumatatu nikarudi darasani. Mwalimu hakuuliza nilikuwa wapi, alinionyesha kiti. Nikamwambia, nifundishe kujisemea. Akawa ananiuliza maswali kama shefu, mimi nimesimama mbele ya wanafunzi wenzangu, wote wamechoka na kazi zao. Jasho lilinitoka zaidi kuliko kwenye depo.

Nafasi ilipotoka tena, niliingia peke yangu. Kiingereza changu kibovu, lakini macho nilimkazia shefu. Nikasema, najua kupanga lori mzigo usianguke. Najua kutuliza watu wakigombana. Akauliza, "Watakusikiliza?" Nikamjibu, "Wananisikiliza sasa, na wewe hujanilipa kwa hilo." Akacheka, akanipa mkono. Huu ni mwaka wa pili naongoza zamu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mwalimu aliyeniwekea kiti, mke wangu aliyevumilia hasira zangu, na mama yule wa Columbus, kwa mdomo wake. Na rafiki yangu aliyevaa koti bure, namshukuru sana.

Ninyi mnaosoma baada ya kazi, cheti ni kizuri, kitafuteni. Lakini cheti hakikufungulii mdomo. Ukijidharau mwenyewe, hakuna shefu atakayekuthamini kwa niaba yako.

Kuna mama hapa ndani ana intavyu kesho, kwenye nyumba ya kutunza wazee. Jina silitaji. Jana nilimuuliza anajua nini, akacheka tu, akafunika mdomo na kitenge. Mama, kesho utakuwa mbele ya wageni. Leo ni sisi tu. Simama utuambie unajua kufanya nini. Mimi nakaa.